Msibani walinigawia chuma chakavu. Nilipokifunga nyaya kikawaka, wakasema ni pikipiki ya ukoo

Wakuu, salamu. Mlio wakubwa kwangu shikamooni, wa rika langu habari za mihangaiko.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, tena nashinda zaidi kule kwenye magari na pikipiki kuliko kwenye mapenzi. Leo naandika mwenyewe. Anayetafuta chai ahamie uzi mwingine, hapa hakuna hata majani. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na vidole viwili vya mkono wa kulia bado vina alama ya moto.

Mtanisamehe uandishi. Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike, nikaona hazipoi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike. Kwetu ni Muleba. Ndiyo, Mhaya, semeni "nshomile" zenu za kututania usomi haraka, mkimaliza turudi kwenye mada. Naishi Igoma hapa Mwanza, nakaanga samaki kando ya barabara ya Musoma. Mume wangu, ambaye nitamwita Baba Koku, kwao ni Magu. Sasa ni marehemu.

Msianze kutaja kabila la watu. Haya mambo hata kwetu yapo, na pengine kwetu ni mabaya zaidi.

Tulikuwa na pikipiki moja, hizi za kichina ambazo kila kijiwe zipo. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yetu. Alfajiri Baba Koku anashuka Mwaloni pale Kirumba, anachukua samaki mitumbwi ikiwa bado inashusha, anarudi Igoma na tenga nyuma. Mimi nakaanga. Samaki wa kwangu walikuwa wabichi kweli, na wateja walijua.

Alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule siku za Jumapili. Alikuwa mvumilivu kwenye kila kitu isipokuwa klachi. Kwenye klachi aliniita majina ambayo siwezi kuyaandika humu.

Kubeba tenga kila siku kulimaliza ile pikipiki. Fremu ikapasuka chini, karibu na pa kukanyagia. Baba Koku akaamua aifungue yote, fremu ichomelewe na kupakwa rangi, kisha aifunge upya mwenyewe nyumbani. Akafungua kila kitu sebuleni. Bolti kwenye beseni, taa na tanki kwenye kiroba kimoja, nyaya zote kwenye kiroba kingine. Injini ikakaa nyuma ya mlango, imefunikwa gunia.

Nilimwambia aziwekee alama zile nyaya. Akaniambia, "Mama Koku, hii wiring naijua kuliko jina langu."

Fremu ilirudi kutoka kwa mchomeleaji ikiwa nyekundu, inang'aa. Wiki hiyohiyo akaanza kulalamika tumbo. Ilikuwa ini. Hatukukaa nalo muda mrefu.

Sitaandika mengi hapo.

Tukazika Magu. Siku ya kuanua matanga vitu vya marehemu vikagawiwa, kama desturi ilivyo. Walikuwa wameshakuja Igoma na gari wakachukua: redio, koti, buti za mvua, baiskeli, simu, nguo zote. Hata mkanda wa suruali. Shemeji yangu, nitamwita Masanja, mdogo wake marehemu, alichukua na lile begi la makaratasi, akasema atafuatilia mambo ya kaka. Kadi ya pikipiki ilikuwa humo. Mimi nilikuwa mfiwa, kichwa hakipo, nikaona sawa.

Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, kanga kichwani. Aliyeongoza alikuwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe wangu. Koti kwa fulani, baiskeli kwa fulani. Akafika kwenye pikipiki. Akauliza, "Na ile pikipiki?"

Masanja akajibu mbele ya watu wote. "Baba, pale hakuna pikipiki. Kuna chuma chakavu kwenye viroba. Mwachieni shemeji, atauza kwa wanaonunua kwa kilo."

Baba mkubwa akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa na neno. Akasema, "Basi, chuma hicho ni cha mama Koku." Watu wakaitikia, tukaendelea na mengine.

Nakumbuka nilishukuru. Wakuu, nilishukuru kwa mdomo wangu, nikapiga na goti.

Nikarudi Igoma na Koku. Nyumba imebaki kama imeibiwa, ila fremu nyekundu imeegemea ukuta.

Biashara ikaanza kufa. Bila pikipiki sifiki Mwaloni mapema, na nikipanda bodaboda na tenga, faida yote inabaki kwa bodaboda. Nikawa nanunua kwa madalali wanaoleta Igoma, samaki wameshakaa juani, macho yamelegea. Mteja wa Mwanza humdanganyi kwenye samaki. Anainua shavu la samaki, anaangalia, anakuaga kwa adabu na harudi tena.

Nikamwita fundi. Alipandisha injini kwenye fremu, akafunga matairi, chombo kikasimama chenyewe. Alipofungua kile kiroba cha nyaya akanionyesha ncha zake. Baba Koku alikuwa amekata zile soketi zilizoungua ili aweke mpya. Fundi akasema, "Dada, hii hata mimi sikudanganyi. Nunua wiring mpya dukani, nije nikufungie."

Sikuwa na uwezo wa kununua wiring mpya. Ada ya Koku ilikuwa mbele yangu na sufuria ya kukaangia ilikuwa imetoboka. Ndiyo maana nikaamua nifunge mwenyewe. Si kwamba nilitaka kuwa shujaa. Nilikosa namna.

Hapa wapenda ufundi mniazime masikio kidogo, wengine mnaweza kuruka.

Nimekulia kwenye nyumba ya redio ya betri. Kwetu kila mtoto anajua nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Nikafungua kiroba, nikakuta nyekundu, nyeusi, kijani na rangi nyingine za kila aina. Nikasema nyeusi kwa nyeusi, nikaipeleka kwenye hasi ya betri. Kijani nikaiacha inaning'inia, nikadhani ni ya taa.

Kwenye hizi pikipiki za kichina, kijani ndiyo asi, ndiyo inayokwenda kwenye hasi na kwenye mwili wa chombo. Nyeusi ni moto unaotoka kwenye swichi baada ya kuwasha ufunguo. Kwa hiyo nilichofanya ni kuutoa moto kwenye betri na kuurudisha moja kwa moja kwenye betri. Nilipogeuza ufunguo, fyuzi ikakatika palepale.

Sasa mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini fyuzi imekatika. Mimi nikafanya kile ambacho nimeona bodaboda wote wa Igoma wanafanya. Nikachukua karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaikunja, nikaiweka mahali pa fyuzi.

Moshi ulitoka chini ya tanki, harufu ya plastiki. Nikachomoa waya wa betri kwa vidole vitupu, na hizo ndizo alama nilizowaambia. Nashukuru tanki lilikuwa kavu. Koku alikuwa shule.

Nilikaa chini sakafuni nikamtukana marehemu. Nilimwambia kila kitu. Kwamba amekufa na wiring yake kichwani, kwamba ninyi wanaume mnajua kufungua tu. Nilipomaliza nikalia, kisha nikaenda kukaanga samaki kwa sababu jioni wateja wanakuja, umelia au hujalia.

Zile nyaya ziliungua zikashikana zote. Nikaanza kukusanya. Feni iliyokufa nikaitoa nyaya. Waya wa kuongezea umeme nikaukata. Jirani alikuwa na redio iliyopigwa na radi, akanipa yote. Rangi sasa hazifanani na kitu chochote duniani: kahawia, nyeupe, kijivu, nyeupe, nyeupe. Ndipo nikachukua vipande vya kitenge. Kila waya niliufunga utepe wa kitenge ncha zote mbili, kitenge kimoja kwa waya mmoja. Maua ya njano ni honi. Bluu yenye ndege ni indiketa ya kulia. Lile gauni langu la ujauzito ndilo likawa asi, maana asi inaungana na kila kitu na lile gauni lilikuwa kubwa.

Kuunganisha nilitumia msumari mnene, nauchoma kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, nayeyusha risasi ya kulehemu niliyoitoa kwenye ile redio. Nikishamaliza navingirisha tepu nyeusi.

Kujua waya upi unakwenda wapi, nilisoma humu jukwaani. Kuna fundi mmoja aliwahi kuandika kule kwenye pikipiki habari ya rangi za nyaya; nilisoma ule uzi mpaka nikauota. Nilipokwama nilikwenda kijiweni, nikamwomba kijana mwenye pikipiki kama yangu ainue siti nipige picha. Wakacheka. Mmoja akasema, "Jamani lindeni betri, mama amekuja na pochi." Nikapiga picha zangu nikaondoka. Kesho yake nikarudi nikapiga za mbele, kwenye taa. Waliponizoea wakawa wananiitia chai.

Nilikuwa nafanya kidogokidogo mchana, sufuria ikiwa chini. Siku moja nikageuza ufunguo, nimeweka fyuzi ya kweli safari hii, na ile taa ndogo ya kijani ya frii, ya kuonyesha gia haijaingia, ikawaka kwenye dashibodi. Taa ndogo kama punje ya mtama. Nilikaa nikaiangalia kama ninaangalia televisheni. Kisha honi. Kisha indiketa, ya kulia ikawaka kushoto, nikabadilisha vitenge.

Injini ikagoma. Napiga kiki mpaka goti linauma, kwenye plagi hakuna cheche. Kumbe kwa rangi za asili kuna waya mweusi wenye mstari mweupe, kazi yake ni kuzima. Ukigusa asi, moto wa plagi unakufa. Mimi nilikuwa nimeuunga kwenye asi pamoja na wengine, nimeufunga vizuri kabisa na tepu, yaani nimeizima pikipiki kabla sijaiwasha. Nikaukata, nikaupeleka kwenye swichi ya kuzimia kwenye usukani, ndiyo kwao.

Kiki ya pili ikanguruma. Majirani walitoka.

Kuanzia hapo maisha yakarudi. Alfajiri nashuka Mwaloni mwenyewe, nimevaa helmeti ya marehemu, ambayo ilibaki kwa sababu ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati. Wapakuaji wa pale waliniita fundi. Wateja wakarudi mmojammoja. Ada ikalipwa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hiyo tangu afe, na nilikuwa naona haya kuwa nayo.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, kama ni kosa.

Mama mkwe wangu ni mzee, yuko Magu, na ninampenda. Hajawahi kunitendea ubaya. Nikasema wema wa Mungu usiliwe na mtu mmoja. Nikachagua sato wazuri, nikawaweka kwenye ndoo na barafu, nikafunga nyuma, nikaenda Magu kwa pikipiki. Nilijipeleka mwenyewe, wakuu. Hakuna aliyeniita.

Nikaingia uani, nikazima, nikavua helmeti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekuja na nini tena?" Nikampa ndoo. Akafunua, akacheka, akaanza kuwaita watu waone samaki.

Waliokuja waliangalia pikipiki.

Masanja akaizunguka. Akabonyeza siti. Akaniuliza, "Shemeji, nani kakufungia?" Nikamwambia nimefunga mwenyewe. Akacheka kidogo, akasema, "Hebu niijaribu." Nikampa ufunguo. Ni shemeji yangu, ningemnyimaje? Akaenda mpaka barabarani, akarudi, akaipaki chini ya paa la banda, akazima.

Kisha akaweka ufunguo mfukoni mwake.

Nikadhani amesahau. Nikanywa uji, nikaongea na mama, muda wa kuondoka ukafika. Nikamwomba ufunguo. Akasema, "Subiri kwanza shemeji, baba mkubwa anakuja. Kuna jambo dogo."

Baba mkubwa akaja na fimbo yake, nikamsalimia kwa goti. Viti vikatolewa nje. Wifi yangu mmoja alikuwepo pia, dada yao, ambaye tangu msiba alikuwa akinipigia simu kila wiki kunijulia hali. Nikashukuru kwamba yupo.

Masanja akaongea kwa upole sana, na upole ule ndio ulionitisha. Akasema pikipiki ya kaka haiwezi kukaa nje ya boma wakati wadogo zake wapo. Kwamba mimi bado kijana, kesho naweza kuolewa na mtu mwingine, na mtu huyo apande pikipiki ya kaka yake. Kwamba kadi ina jina la kaka na kadi iko hapa nyumbani.

Nikasema, "Shemeji, si mlinigawia wenyewe siku ya matanga? Watu wote walisikia."

Akanigeukia, akajibu bila aibu yoyote. "Tulikupa chuma chakavu, shemeji. Pikipiki hatukukupa."

Nikamwangalia baba mkubwa. Ndiye aliyetamka kwa mdomo wake. Alichora chini kwa fimbo, kisha akasema, "Mayu, mama yangu, ni kweli nilisema chuma. Neno pikipiki sikulitamka. Ningejua ni pikipiki ningeigawa kama pikipiki."

Nikamwangalia wifi. Alikuwa anaangalia kucha zake.

Mama mkwe akasema, "Mwacheni mtoto na kitu chake, amehangaika." Alisema mara moja tu, kwa sauti ndogo. Alibaki amesimama na ile ndoo ya samaki mkononi, hajui aiweke wapi.

Wakuu, kuna hasira ya kupiga kelele na kuna ile ya baridi. Mimi ilinijia ya baridi.

Nikasimama. Nikasema, "Baba, nimewaelewa. Chuma ni cha marehemu, na cha marehemu ni chenu. Sina ugomvi na chuma. Lakini nyaya sikugawiwa na mtu."

Hawakunielewa. Nikaenda kwenye pikipiki, nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikatoa spana na bisibisi zangu. Nikavua siti. Nikalegeza tanki nikalisogeza. Nikaanza kuchomoa.

Masanja akainuka. "Unafanya nini?"

"Natoa feni yangu," nikamwambia. "Natoa redio ya jirani. Na gauni langu. Nionyeshe hapa waya mmoja wa kaka yako, nitauacha."

Alitaka kunishika mkono. Baba mkubwa akamwambia, "Mwache, ni vya kwake hivyo." Ona sasa. Kwenye nyaya aliona haki, kwenye pikipiki hakuiona.

Nilifungua kitenge kimoja baada ya kingine. Honi. Indiketa. Taa ya nyuma. Watoto walikusanyika wakadhani ni fundi wa kike amekuja kutengeneza. Swichi ya ufunguo pia niliinunua mimi, ile ya zamani ilikuwa imeungua, kwa hiyo nikaifungua nayo nikaitia mfukoni. Nikamwambia Masanja ufunguo abaki nao.

Nilipomaliza nilikuwa na rundo la nyaya kama utumbo wa ng'ombe. Nikalitia kwenye mfuko wa salfeti, nikamuaga mama mkwe kwa goti, nikatembea mpaka barabarani kusubiri gari. Wifi alinifuata mpaka getini. Akaniambia, "Wifi, usinichukulie vibaya, mimi ni mtoto wa kike tu pale." Hadi leo akipiga simu sipokei, na sijui kama namwonea.

Usiku ule nililala vizuri, nisiwafiche. Nilijiona nimeshinda. Nilisema wakae na chuma chao kuku walalie.

Sasa sikilizeni kilichofuata, ndicho kilichonileta humu.

Masanja alikwenda dukani akanunua wiring mpya. Basi. Ipo kwenye nailoni, soketi zake zote, rangi zake zote, imekuja na maelekezo. Fundi akaifunga mchana mmoja. Kile kilichonichukua mimi miezi, na vidole, na gauni, yeye alikilipia kaunta akaondoka nacho.

Najua kwa sababu nilimwona. Nilikuwa kwenye meza yangu pale Igoma, nageuza samaki, samaki wa dalali, wa macho malegevu. Pikipiki nyekundu ikaja kutoka upande wa Magu kuelekea mjini. Nilitambua mlio kabla sijainua kichwa. Ile injini nimeisikiliza sana.

Alipofika usawa wangu alipunguza mwendo, akapiga honi. Honi ya salamu, ile ya mtu anayempita shemeji yake barabarani akaona si vizuri kupita kimya.

Na mimi nikampungia. Mkono wangu, wakuu, ulinyanyuka wenyewe na kijiko cha kukaangia ndani yake, ukampungia. Amepita ndipo nikajua nimefanya nini.

Kunyang'anywa nimekwisha kuzoea. Huo mkono ndio unaonikosesha amani. Kitu gani ndani yangu kilimsalimia yule mtu?

NYONGEZA: Nimeona maoni yenu ya mwanzo, asanteni. Mkuu uliyeuliza kwa nini sikwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi: ni kweli, na ninakwenda, nimeshaulizia. Ila ujue mjane akiwa na siku chache tangu azike, ukimwambia mirathi anaona unamtukana marehemu. Wenye akili ya mahakama siku ile walikuwa wale waliochukua begi. Na wewe uliyesema kwa nini sikukata nyaya nikaziacha zipige shoti pikipiki yote iungue: nilifikiria. Mama mkwe analala chumba kinachopakana na banda lile.

Mwingine ameniomba picha ya wiring yenye vitenge. Ipo, sitaiweka. Iko juu ya kabati na imefungwa kwa ile salfeti. Haiwezi kufunga pikipiki ya mtu mwingine yeyote, niliikata kwa vipimo vya ile.

Somo nililopata, wajane wenzangu na wake za watu mnaosoma kimyakimya. Siku ya matanga, kitu kikitajwa kuwa ni chakavu, omba kitajwe kwa jina lake. Inua kanga usoni, sema, "Baba, sema pikipiki." Sema shamba, hata kama wanaliita pori. Sema nyumba, hata kama wanaiita banda. Watakuona huna adabu na hujui kuomboleza. Acha wakuone hivyo siku moja, kuliko kuwapigia goti la shukrani kama nilivyofanya mimi. Na makaratasi yasitoke ndani ya nyumba, hata kama anayeyachukua analia kuliko wewe.

Karibuni mseme. Mwenye sheria aseme sheria, mwenye matusi nayo nimezoea, aliyepitia kama haya aniambie mkono wake ulifanyaje. Ila asije mtu akaniambia kwamba wiring mpya inauzwa dukani na ningenunua tu.

Najua inauzwa.